Sufuri ya Mwalimu

Mwalimu alirudi shule akiwa tayari bibi wa wajukuu wawili, na kama una neno la kusema juu ya hilo, limeze, maana wenzako walishalisema lote. Walilisema sokoni, walilisema barazani, walilisema hata msibani watu hawajamaliza kupangusa machozi. Mwanamke wa hamsini na ushee, aliyefundisha fizikia sekondari ya wasichana mpaka chaki ikahamia kwenye mistari ya viganja vyake, anaomba ruhusa kazini aende chuo kikuu kutafuta udaktari wa vitabu! Wa nini? Ahera wanauliza vyeti? Wakamalizia na ile yao: sikio la kufa halisikii dawa. Yeye aliwasikia vizuri sana, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Mtu mmoja tu alimwambia nenda, naye ni mume wake, fundi cherehani wa pale pale mtaani.

"Nenda, mke wangu," alisema, pini mbili ziko mdomoni. "Ukibaki hapa utaanza kunifundisha mimi, na kichwa changu mimi ni cha sindano tu."

Huyu mume nimsifu mapema nisije nikasahau. Kwa muda wote wa masomo yule bwana alipika, alifua, alipeleka wajukuu kliniki, na jioni mkewe akirudi na hadithi zake za baridi alizisikiliza mpaka mwisho, ingawa hakuelewa hata robo. Mwalimu hakuwahi kulala bila kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Wanaume wa namna hiyo hawaokotwi njiani.

Hadithi za baridi nilizozitaja si za barafu ya jokofu. Barafu ya jokofu ni joto kali ukilinganisha na walichokuwa wakikifanya wale watu wa chuoni. Maabara yao ilikuwa chini kabisa ya jengo, chumba kisicho na dirisha, kuta za rangi ya maziwa yaliyolala, na mabomba ya maji yakipita darini yakigugumia kila mtu wa juu akivuta choo. Humo walikuwa wakipoza metali na vitu vingine mpaka karibu na mwisho wa baridi, pale ambapo baridi yenyewe haina tena pa kwenda, kisha wanapitisha umeme ndani yake na kuangalia unapitaje.

Maana vitu havifanani, bwana. Shaba ukiipoza inapitisha umeme vizuri zaidi. Vile vinavyoitwa nusu-kipitishi, ambavyo havipitishi sana wala havikatai kabisa, ukivipoza vinanuna: kadiri baridi inavyozidi, ndivyo umeme unavyopita kwa shida. Halafu kuna metali chache zenye maajabu. Unazipoza, unazipoza, zikifika nyuzi fulani za baridi, kila moja na nyuzi zake, ukinzani wote unatoweka. Si kwamba unapungua. Unakuwa sufuri, umeme unazunguka bila kitu chochote kuuzuia. Na hakuna mtu wa kazi ile asiyeota kwamba siku moja kitu alichokitengeneza yeye, ambacho hakuna aliyewahi kukipima, kitamwonyesha sufuri.

Cha Mwalimu kilikuwa nusu-kipitishi alichokipika mwenyewe kwenye tanuri, akakiharibu, akakipika tena, mpaka akapata kipande kizuri kisichozidi punje ya mchele. Kipande hicho kinaunganishwa nyaya nne nyembamba kama unywele, kinashushwa kwenye baridi, basi. Nyaya zinalehemiwa kwa risasi, ile ile ambayo mafundi redio wanaiyeyusha. Na hapo kwenye kulehemu ndipo Mwalimu alipokuwa na taabu, kwa sababu macho yalikuwa ya bibi na mkono ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika herufi za kusomeka kutoka dawati la nyuma.

Aliyemfundisha kulehemu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Ndiyo, dunia duara. Binti mmoja aliyemfundisha kidato cha pili, ambaye wenzake walimpa jina la Kisumaku kwa sababu hakuna kalamu, rula wala umbea uliopita karibu yake usimnate, alikuwa sasa mwanafunzi mwenzake, mwaka mmoja, maabara moja, meza moja. Tena utafiti wake ulikuwa juu ya sumaku kwelikweli: jinsi metali fulani inavyobadili tabia ya usumaku ikifika kwenye baridi kali. Wote wawili walitarajiwa kuhitimu msimu ule ule.

"Mwalimu, usibonyeze hivyo," Kisumaku angemwambia. "Gusa tu, utoke. Hubandiki tangazo la mkutano."

"Wewe, mimi ndiye niliyekufundisha kushika kipima-joto ulikuwa unakishika kama mwiko!"

"Nashukuru, Mwalimu. Sasa gusa, utoke."

Wakicheka mpaka Fundi wa maabara anageuka. Fundi alikuwa ndiye mwenye funguo za baridi ile; yeye anapokea mitungi, yeye anaunga mabomba, yeye anajua kwa sikio kama kimiminika kinashuka vizuri au kinapotea njiani. Maneno yake kwa siku ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya leso. Kinachopoza ni heliamu, gesi iliyogeuzwa kuwa maji maji, inayokuja na gari mara moja tu kwa mwaka kutoka mbali, ndani ya mtungi unaong'aa wenye kimo cha mtoto wa darasa la sita. Nayo heliamu haina subira. Uitumie usiitumie, inavukia kidogo kidogo, inageuka mvuke, inatoka juu ya paa, imekwenda, hata umbembeleze nani hairudi. Mwaka ule mtungi ulikuwa mmoja. Wakagawana kiungwana: nusu ya kwanza apime Mwalimu, nusu ya pili apime Kisumaku.

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda. Wiki ya Mwalimu ilipofika, Kisumaku alikuwa ameitwa nyumbani. Mama yake alifanyiwa upasuaji wa goti na hakukuwa na mwingine wa kumwinua. Heliamu ikawa inavukia. Mwalimu akajifunga kibwebwe, akavaa miwani juu ya miwani, akalehemu nyaya zake peke yake. Ya kwanza ilikataa, akaongeza risasi. Ya pili ikakataa, akaongeza tena. Mwisho zote nne zikashika, akamshukuru Mungu, akamwita Fundi, wakashusha kipande kwenye baridi.

Mchoro ulianza kujichora kwenye kioo cha kompyuta. Ukinzani ukapanda, kama ilivyo tabia ya nusu-kipitishi. Ukapanda, ukapanda. Walipokaribia nyuzi saba juu ya mwisho wa baridi, mstari ukaanguka. Ukaanguka wote, mpaka chini kabisa, ukalala pale.

Mwalimu alipiga yowe ambalo, kwa mujibu wa watu wa ghorofa ya tatu, lilisimamisha mtihani. Profesa alishuka ngazi mbio akidhani mtu ameungua. Profesa huyu, msimamizi wake, alikuwa mdogo kwake kwa umri, kijana mwenye adabu aliyekuwa akimwita "Mama" hata anapomkosoa. Alitazama mchoro, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Mama," alisema, "hii ni sufuri."

"Nami naona sufuri, mwanangu."

Wakakumbatiana kama ndugu waliopotezana sokoni. Kabla ya jua kutua mkuu wa kitivo alikuwa anajua, na mtahini wa kutoka chuo kingine, mama mmoja mwenye sifa ya ukali, alikuwa ameshapigiwa simu kwamba wiki ya utetezi wa tasnifu aje amejiandaa vizuri. Mchoro ukabandikwa ukutani. Mwalimu alirudi nyumbani anacheka peke yake barabarani.

Mume wake aliipokea habari kwa moyo mkunjufu, tatizo ni jinsi alivyoisambaza. Kesho yake kila mteja aliyeingia kuchukua suruali aliambiwa, "Mke wangu amepata sufuri!" Watu wakashika vichwa. "Pole sana, bwana. Atarudia lini?" Mzee mmoja alimshauri asimgombeze mkewe, umri nao unachangia. Fundi cherehani akarudi jioni amechanganyikiwa, "Mama Watoto, hebu niambie tena, hii sufuri ni nzuri au mbaya?" Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini, akasema ni nzuri, mume wangu, nzuri kupita zote, na akalia kidogo, kwa furaha, na kwa kumshukuru Mola aliyempa uzee wenye kitu ndani yake.

Kisumaku alirudi siku mbili tatu baadaye. Aliamkia, akaulizwa hali ya goti la mama, akasema anaendelea vizuri, ameshaanza kutukana wauguzi. Kisha akausogelea ukuta kuona hiyo sufuri iliyozungumzwa mpaka kituo cha basi. Akaiangalia. Akanyamaza. Yule binti akinyamaza ujue kuna jambo.

"Mwalimu, hapa imeangukia nyuzi ngapi?"

"Saba na kidogo."

"Ulilehemu mwenyewe?"

"Sasa nilehemiwe na nani, hukuwepo."

"Na sumaku uliijaribu? Sumaku ndogo tu, kuona kama sufuri inabaki?"

"Sikuijaribu. Kwani una nini?"

Kisumaku alishusha sauti. "Mwalimu, saba na kidogo ni nyuzi za risasi. Nadhani kilichokupa sufuri si kipande chako. Ni risasi ya kulehemia, ambayo hata sumaku ndogo ingeiondolea sufuri. Itakuwa imetiririka chini ya kipande ikaunganisha nyaya, umeme ukapita humo."

Wewe ungefanyaje? Usijidai mtakatifu. Umeomba jambo miaka, umelipata, watu wamepiga makofi, halafu mtoto uliyemfundisha kuandika kanuni anakuja kukuambia ulichokipata ni gundi. Mwalimu aliona giza. Na kabla akili haijafika, ulimi ukawa umeshafika.

"Wivu," alisema. "Wivu huo. Hujapima chako, unaona cha mwenzio."

Fundi aliacha bisibisi yake mezani na kutoka nje. Kisumaku alisimama pale macho yamemjaa maji, lakini hakuondoka.

"Unakumbuka mkaguzi alipokuja darasani kwetu?" alisema. "Uliandika kanuni ukakosea alama, darasa zima tukaona, tukanyamaza kwa heshima. Mkaguzi akakusahihisha mbele yetu. Alipotoka ulitusema mpaka kengele ikalia. Ulisema, heshima gani hiyo ya kumwacha mtu aanguke mnamwangalia? Mimi nilikuwa dawati la mbele, Mwalimu. Niliona kosa kabla ya wote. Nikaapa sirudii."

Mwalimu alichukua mkoba, akaenda nyumbani mchana kweupe, akakaa kwenye kiti cha wateja dukani kwa mumewe, akanuna kuliko nusu-kipitishi chochote.

"Kuna nini?" aliuliza mumewe.

"Wanasema sufuri yangu ni ya uongo."

Mumewe alikuwa anafumua mshono wa koti. Hakuinua kichwa. "Na wewe unasemaje?"

"Sijui."

"Mimi huu mshono mteja hajauona. Lakini nimeuona mimi, sasa nitalalaje?"

"Usiniletee mithali za sindano!"

"Basi nisamehe," alisema, akaendelea kufumua.

Asubuhi alikuwa wa kwanza maabara. Alitoa kipande kwenye kishikio chake, akakiweka chini ya darubini, akakipindua kwa kibano. Na chini yake, upande ambao hakuwahi kuuangalia, palikuwa na utandu unaong'aa, mwembamba, umetambaa kutoka waya mmoja hadi mwingine kama mafuta yaliyomwagika mezani. Ni risasi, hakuna ubishi. Kumbe kila alipoongeza tone ili waya ushike, tone lilikuwa linapita chini. Aliketi sakafuni, kwenye saruji, na sketi yake ya kuendea kanisani.

Kisha akainuka akapanda kwa Profesa, akamwambia lote bila kupaka rangi. Profesa alisikiliza. Uso wake ulibadilika, tusidanganyane, maana naye alishatangaza. Alisimama dirishani akigonga kioo kwa kalamu.

"Risasi imewaangusha wengi katika kazi hii, Mama," alisema mwishowe. "Na haikuhitaji bunduki. Mimi mwenyewe ilinipata, nikaishi na sufuri yangu mwezi mzima. Wewe umeigundua mapema."

"Sikuigundua mimi."

"Aliyeigundua namjua. Alikuja hapa jana kunisihi nisikugombeze." Alirudi kitini. "Sasa tatizo ni jingine. Sura yako ya mwisho inataka mchoro wa kweli, kipande kisicho na risasi. Bila huo huwezi kutetea. Na heliamu yako imekwisha."

Hapo ndipo Mwalimu alipouona mlango ukifungwa. Ruhusa yake kazini ilikuwa inaisha na muhula ule, na mkuu wa shule alishasema haongezi hata siku. Gari la heliamu lisingekuja tena mpaka mwakani. Angerudi darasani na mkoba ule ule aliotoka nao, na wale wa sokoni wangepata cha kusema mpaka kiama. Angebaki na sufuri ya uongo angehitimu kwa shangwe. Sasa ana ukweli na hana shahada. Alishuka ngazi akishika ukuta.

Kisumaku alikuwa mezani, anakata nyaya. Mwalimu alisimama mlangoni.

"Mwanangu, nimekosa kwa kinywa changu na nimekukosea wewe. Ni risasi. Nimeiona kwa macho yangu. Nisamehe."

"Yameisha, Mwalimu."

"Hayajaisha. Neno lile halikuwa lako."

"Yameisha, nimesema. Njoo, tuna kazi. Heliamu ipo."

"Ipo wapi? Iliyobaki ni yako."

"Mimi nimeshapima," alisema Kisumaku, kichwa kwenye nyaya zake. "Jana, ulipoondoka. Imebaki ya kutosha, na usipoitumia itavukia tu. Kuliko itoke juu ya paa bure, si bora ipite kwako?"

"Jana? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa hutaki kuniona, ningekuambia saa ngapi?"

Fundi, aliyekuwa kwenye kona yake, alikohoa. Kisha akasema maneno yake ya siku ile: "Bomba liko tayari." Mwalimu alimshukuru Mungu, akamshukuru Fundi, akamshukuru Kisumaku mara mbili, na furaha ikamziba masikio asiulize zaidi. Mwenye njaa haulizi sahani imetoka kabati gani.

Safari hii hawakugusa risasi. Kisumaku alikwangua utandu wote kwa wembe, wakaosha kipande, wakabandika nyaya kwa gundi yenye unga wa fedha ambayo haina maajabu yoyote kwenye baridi ile. Mwalimu alishika taa, Kisumaku alishika sindano, na kila waya ulipokaa walipumua pamoja. Fundi akaunga bomba. Likaanza kuvuma, kisha kupiga mluzi, mluzi ukatulia, akatikisa kichwa kwamba inashuka.

Mstari ukaanza kupanda. Nyuzi ishirini, unapanda. Kumi, unapanda. Walipokaribia saba Mwalimu alifumba macho, na tuseme ukweli, sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa bado inaomba uanguke. Alipofumbua, saba ilikuwa imepita na mstari unapanda bado, polepole, bila mkunjo, mpaka walipofika mwisho wa uwezo wa heliamu. Hakuna sufuri. Nusu-kipitishi chenye adabu zake, kimenuna mpaka dakika ya mwisho.

Alilia, halafu akashangaa kwamba analia akiwa mwepesi. Mchoro ule haukuwa na shangwe, lakini ulikuwa wake, hata ungekuja kuuamsha saa yoyote ungesema kitu kile kile. "Hiki ndicho kipande changu," alisema. "Nimekipika mwenyewe na sikuwa nakijua."

Mumewe alipoambiwa sufuri imeondoka aliuliza imekwenda wapi. Akaambiwa haikuwepo. Akakuna kichwa, akaenda dukani kuwatangazia wateja kwamba mke wake hana tena sufuri, na mtaa mzima ukampa hongera; yule mzee wa ushauri akasema aliona tangu mwanzo kwamba mama yule ni mtu wa kujituma.

Siku ya utetezi Mwalimu alisimama mbele ya watahini na kuonyesha michoro yote miwili, wa uongo na wa kweli, na akaeleza risasi ilivyomdanganya na ilivyokamatwa. Yule mtahini mkali alimwacha amalize, akauliza nani aliyeona. Mwalimu akasema aliyeona ni yule binti aliyekaa nyuma, kando ya mlango, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Watu waligeuka, Kisumaku akajikunja kwenye kiti kama anayetafuta kalamu sakafuni. Mtahini akaandika kitu. Wakatolewa nje, wakaitwa ndani, wakaambiwa amefaulu. Fundi cherehani alipiga vigelegele kuwashinda wanawake wote waliokuwepo, na hakuona haya.

Siku iliyofuata Mwalimu alishuka maabara kukusanya vitu vyake. Hakukuwa na mtu. Alivuta droo kutafuta miwani yake ya ziada, akakuta kikasha kidogo cha plastiki chenye jina la Kisumaku. Ndani yake kilikuwamo kipande chake, kile cha usumaku. Akakitazama kwa mapenzi, kama mtu anavyotazama mtoto wa jirani. Kisha akakitazama tena.

Kipande kilichopimwa kina alama. Gundi inaacha madoa, nyaya zinaacha makovu, hata ukisafisha vipi. Hiki kilikuwa bado kimezungushiwa nta ya kukilinda, haijaguswa na kucha. Hakikuwahi kuunganishwa na waya hata mmoja. Hakikuwahi kuiona baridi.

Fundi aliingia akamkuta amekishika.

"Alipima lini?" aliuliza Mwalimu.

Fundi alisugua viganja vyake kwenye ovaroli. "Niliambiwa nisiseme."

"Na sasa?"

"Sasa umeona mwenyewe." Kisha akaongeza, jambo la ajabu kwake. "Nilimwuliza mara mbili kama anajua anachokifanya. Akasema mwaka mmoja si kitu kwake, ila kwako ni mlango."

Mwalimu alimkuta Kisumaku nje, kwenye bomba la nyuma ya jengo, anaosha vikombe vya chai vya maabara. Msimu ule wenzake wote walikuwa wanahitimu. Yeye alikuwa anaosha vikombe.

"Mwongo wee," alisema Mwalimu.

Kisumaku aliona kikasha mkononi mwake. Akafunga maji.

"Ungejua ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Ndiyo maana."

"Nilikuita mwenye wivu. Machozi yangali machoni mwako, na bado ukanipa mwaka wako!"

"Mwalimu, nisingeweza." Alikiweka kikombe kwenye karo. "Heliamu mwakani inakuja nyingine. Na wewe ukirudi darasani bila kitu, ningekuwa nakuona mawazoni kila siku."

Mwalimu alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba mwakani gari likija atakuwa pale, hata kama ni kutoroka shule, atashika bomba na taa mpaka mstari ufike mwisho, na hayo aliyasema kweli, na aliyatimiza. Alitaka kusema asante, akaisema, mara tatu, na kila mara akaiona ni ndogo, ni ile ile aliyompa muuza nyanya asubuhi. Miaka yote aliyosimama mbele ya madarasa ikamjia na haikuwa na neno. Basi akaweka kikasha juu ya ukingo wa karo, akamshika yule binti mikono yake miwili yenye povu, akainamisha kichwa chake chenye mvi mpaka kikagusa vidole vya mwanafunzi wake.

"Shikamoo," alisema.

"Mwalimu! Hapana! Mwalimu, inuka, watu wanaona!" Kisumaku alijaribu kuvuta mikono, ikakataa kutoka. "Nitapata laana mimi, inuka!"

"Hupati laana. Nimekuamkia. Itika."

"Siwezi."

"Shikamoo."

Binti alitazama huku na huku, kwenye jengo, kwenye vikombe, kwenye mvi zile zilizoinama mbele yake. Machozi yakamtoka. Na kwa sauti ndogo sana, sauti ya dawati la mbele, akaitika.

"Marahaba, Mwalimu."